Mboga ya Mkaza Mwanangu

Chakula cha jioni mimi nakipika upesi. Hapa mtaani Muyeye hakuna mwanamke atakayenishinda, na kama yupo aje tuwashe majiko mawili tuone. Mwanangu akirudi kutoka kutengeneza mafriji ya watu, mkewe akirudi kutoka duka la vifaa vya ujenzi anakouza, wajukuu wakirudi shuleni na mabegi yamewaelemea mabega, wote walikuwa wakikuta sufuria zimeshaepuliwa, sahani ziko mezani, na mimi nimekaa kwenye kiti changu nimenyoosha magoti. Hakuna aliyengoja. Nilikuwa naona fahari.

Naandika haya kwa sababu ya siku moja ambayo upesi huo niliutumia vibaya, na baada yake mkaza mwanangu, yaani huyo mke wa mwanangu, akaanza kutaka kuhama na wajukuu wangu. Watu wote walisema ni kazi inamwita. Mimi nilikuwa najua, nikanyamaza, na kila jioni nikawa napika huku najua.

Upesi wangu sikufunzwa na mtu. Shule niliiacha darasa la pili, nikashuka mjini kutoka kwetu huko Ganze nikiwa sijui hata kuuza maji. Nikawa mama karanga. Mama karanga ni wale wanawake wanaonunua samaki pwani, wakawapaa, wakawatia chumvi na manjano, wakawakaanga kwenye karai na kuwauza barabarani jioni watu wakitoka kazini. Kazi hiyo haitaki mtu wa kuwaza sana. Jua likikuwahi samaki wako analainika, na mteja akimbonyeza akaona kidole kinazama hanunui leo wala kesho. Kwa karai hilo nimejenga nyumba ya mawe, nimemzika mume wangu kwa heshima, nimemsomesha mwanangu ufundi. Sikubebwa na mtu, na asije mtu akaniambia nilibebwa.

Magoti yalipokataa nikaacha barabara. Mwanangu akasema, "Mama, sasa pumzika." Nikapumzika juma moja nikaona nitakufa. Ndipo nikalichukua jiko la jioni.

Nilipanga mambo yangu kama nilivyopanga biashara. Asubuhi wakishaondoka nakuna nazi, nakamua, natenga tui zito mbali na jepesi. Kitunguu saumu na tangawizi nimeshatwanga nikavifunika kwa mafuta ndani ya chupa. Samaki nimewakaanga mapema, maana samaki aliyekwisha kukaangwa ukimtia kwenye mchuzi havunjiki, na mchuzi unaiva huku watoto wanavua viatu. Mbaazi na maharagwe nachemsha siku nikiwa na nafasi, natia kwenye vifuko, nagandisha. Jioni yenyewe kazi yangu ni kuunganisha tu, na kusonga sima au kupika wali. Siku za mwanzo mkaza mwanangu aliniuliza, "Mama, huyu samaki wako unaanzaje?" Nikamjibu, "Tazama tu." Naye atatazama saa ngapi, na akifika mimi nimeshamaliza? Nilijua hilo nilipomjibu.

Yeye ni mtu wa bara, kwao Kitui. Mrefu, mpole, anatembea ndani ya nyumba kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alipoolewa jiko lilikuwa lake. Anapika vizuri, sisemi hapiki, lakini anapika polepole. Nyama yake inachemka kwanza, inakauka, inatiwa maji tena, ndipo aanze kumenya vitunguu huku akisimulia mambo ya dukani. Usiku mmoja mjukuu wangu mdogo alilala mezani na kijiko mkononi. Nikasema mbele ya mume wake, "Mwanangu, chakula chako ni kizuri kwa watu wasio na njaa." Mwanangu akacheka. Yeye akatabasamu, akambeba mtoto kwenda kumlaza. Haukupita muda jiko likawa langu siku za kazi, yeye akabaki na Jumapili. Na Jumapili nazo nikawa nazimega. Jumapili hii naonja, ile nyingine naongeza chumvi, ile ya tatu namwambia akae tu, amechoka.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Kwetu sisi wa pwani, mboga ni mboga: mchicha, mnavu, kisamvu, majani. Samaki si mboga. Kuku si mboga. Hao ni kitoweo. Watu wa bara hawana habari hiyo. Kwao chochote kinacholiwa na ugali ni mboga, hata akiwa ng'ombe mzima.

Siku hiyo mkaza mwanangu alinipigia simu mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, leo usijisumbue na mboga. Mboga nitakuja nayo mimi."

"Haya."

"Nitachelewa kidogo, napitia kituo cha basi. Lakini mboga inakuja."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka ndani kwa ndani. Sikumuuliza ni mboga gani. Nilikata simu, nikaenda kwenye friji, nikatoa samaki. Nikatoa tui zito lote nililokuwa nalo. Jioni ile nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kama wa harusi, na mchicha sikupika.

Walipofika watatu, mwanangu na watoto, nikapakua hapo hapo.

"Mama, leo mapema hivi?" mwanangu akauliza. "Mama watoto si bado hajafika?"

"Unangoja nini, wali ushikane?"

Mjukuu wa kike, mwenye masikio ya kusikia kila simu, akasema, "Hawe, mama alisema anakuja na mboga." Wajukuu wananiita hawe, kama tunavyowaita bibi zetu huko kwetu.

"Mboga ikija tutaila. Wewe kula."

Wakala. Niliwaongeza. Mdogo aliposema ameshiba nikamtilia kipande kingine, na mwanangu nikampa kichwa, maana anakipenda. Nilikuwa nawajaza, kusema kweli. Nilikuwa nawajaza kama gunia.

Mkaza mwanangu aliingia na ndoo nyeupe yenye kifuniko, ameikumbatia kwa mikono miwili. Mamake alikuwa amechinja kuku wa kienyeji alfajiri huko kwao, akamchemsha, akamkaanga, akamfunga na kumtuma kwa basi. Ilikuwa mara ya kwanza mama yule kutuma chakula katika nyumba yangu. Binti alifungua kifuniko na harufu ikajaa chumba, harufu nzuri, ya moshi wa kuni. Halafu akaziona sahani. Mifupa ya samaki imelala pembeni, sufuria ya wali ina ukoko tu.

"Mmeshakula," akasema.

"Ulisema mboga," nikamjibu. "Nikajua mchicha. Nikasema nitafute kitoweo, watoto wasije wakala majani matupu."

Mwanangu akaangua kicheko. "Kiswahili cha bara kimetunyima kuku." Watoto nao wakacheka kwa kuwa baba amecheka. Mkaza mwanangu akacheka kidogo pia, akashika paji la uso.

"Ni Kiswahili changu, mama. Pole. Ningesema kitoweo."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Akachukua bakuli dogo kutoka ndani ya ndoo, limefunikwa kwa karatasi. Ndani mlikuwa na firigisi ya yule kuku, imekaangwa peke yake. Akanieleza kwamba kwao kipande hicho hakiliwi na mtu yeyote tu, hupewa baba wa nyumba. "Lakini mama amesema, katika nyumba ile mkubwa ni yule mama aliyeijenga. Amesema upewe wewe."

Maisha yangu yote nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo bila kuulizwa. Akalisema mwanamke wa Kitui nisiyemjua vizuri, kupitia kwa firigisi, na mimi nilikuwa nimeshiba samaki hadi shingoni.

"Iweke, mwanangu," nikamwambia. "Nitakula kesho."

Sikuiona tena, na sikuuliza. Yule kuku alilala kwenye friji, akaliwa vipande vipande na kila mtu kwa wakati wake, amesimama, mlango wa friji uko wazi.

Watu waliicheka habari hiyo. Mwanangu aliwasimulia mafundi wenzake, nami niliwasimulia majirani, kila mtu akitaja neno lake la bara na la pwani. Lakini sasa niseme. Miaka na miaka nimekaa barabarani na karai, na wateja wangu nusu yao walikuwa mafundi wa bara waliokuja kujenga mahoteli. Walikuwa wakisimama mbele yangu wakimnyooshea kidole samaki: "Mama, hii mboga ni pesa ngapi?" Sikuwahi kumpa hata mmoja wao mchicha. Neno lile nalijua tangu huyo binti hajazaliwa. Aliposema mboga kwenye simu nilijua anakuja na kitu cha maana, na niliposikia ile furaha sautini nikaona jiko langu linatoka mkononi. Ningebaki na nini? Magoti. Basi nikajificha nyuma ya Kiswahili safi, mimi ambaye shuleni sikufika popote.

Baada ya siku hiyo hakunipigia simu tena kuhusu chakula. Akifika anakula anachokikuta, anasema, "Asante mama, chakula kitamu," anaosha vyombo, analala. Jumapili aliniachia mwenyewe bila kuombwa. Mara nyingine nilitamani aseme chumvi imezidi, nikaizidisha makusudi siku moja ili aseme. Akala yote. "Asante mama, chakula kitamu."

Halafu mwanangu akaniambia kwamba tajiri wa mkewe anafungua duka jingine Mtwapa na anataka yeye alisimamie. "Mafriji hata Mtwapa yanaharibika, mama," akasema, akijaribu kunichekesha. Nikamuuliza kama mkewe hawezi kwenda na kurudi. Akasema ni mbali, watoto hawatamwona. Nikasema sawa. Niliona ni kazi, na kazi mimi naiheshimu. Ningeweza kujidanganya hivyo mpaka mwisho kama si yule mjukuu wa kike. Jioni moja alikuwa ananitazama nikikoroga tui, akasema, "Hawe, mama amesema kule tutakuwa na jiko letu."

"Na hili je, ni la nani?"

Akanitazama kama niliyeuliza swali la kijinga. "Lako."

Tui likakatika mbele ya macho yangu, likawa maji na madonge. Mimi, tui kunikatikia. Nilimwaga mchuzi wote, nikawakaangia mayai, na nikawaambia samaki ameharibika.

Jumapili nilimfuata uani. Alikuwa anafua sare za watoto, mikono imejaa povu. Sikujua nianzie wapi, basi nikaanzia palepale.

"Siku ya kuku nilijua."

Akaendelea kusugua kola. "Ulijua nini, mama?"

"Ulivyosema mboga. Nilijua si mchicha. Nalijua hilo neno."

Akasimamisha mikono. Nilifikiri atalia, au atacheka kama siku ile. Alifanya jingine. Aliniangalia usoni, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Mama, wewe unasema kila kitu," akasema. "Samaki wa jirani akioza unasema. Nguo yangu ikiwa fupi unasema, mbele ya wageni. Siku ile ungesema tu, binti, usilete kitu, jioni ni yangu. Ningekuelewa. Hilo moja ndilo ukashindwa kulisema?"

Nikaokota kibanio kilichoanguka chini.

"Mamangu alinipigia usiku ule ule kuuliza kama umeipenda ile firigisi. Nikamwambia umeipenda. Nikamwambia umeila yote ukalamba vidole. Nilisimama nje karibu na tangi la maji, maana sikutaka mnisikie nikisema uongo."

"Na yenyewe ilikwenda wapi?"

"Niliila mimi. Asubuhi, kabla hamjaamka."

Alirudi kwenye kola. Nikamwambia kama ni jiko achukue, kuanzia leo, siku zote, mimi nitakaa ningoje hata usiku wa manane. Akakamua sare, akaipiga mara moja hewani, akaianika.

"Mtwapa tutakwenda, mama. Nilishakubali. Na hata kama si kazi, ningetaka kwenda." Kisha, labda aliona uso wangu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Sijakasirika kama unavyofikiri. Nimechoka kuwa mgeni tu."

Aliyemleta katika nyumba hii ni mimi. Nilitoa mahari mwenyewe.

Siku chache kabla hawajaondoka, mamake alipiga simu wakati tunakula, na yeye, baada ya kuongea naye kwa lugha yao, akaninyooshea simu. "Anataka kukusalimia."

"Hujambo mwenzangu," nikasema.

"Sijambo. Wewe magoti je?"

"Yananisumbua, lakini natembea."

"Nashukuru ulivyompokea kuku wangu. Niliogopa ile firigisi, yule kuku alikuwa amekomaa. Ilikuwa laini?"

Mkaza mwanangu alikuwa anapangusa sahani moja ambayo ilikwisha kukauka kitambo. Hakunitazama. Mimi nilikuwa mtu wa kumwambia mteja usoni kwamba samaki huyu ni wa jana, kama hutaki pita. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu barabarani.

"Ilikuwa laini," nikasema. "Sijala kitu kama hicho. Ahsante sana."

"Basi nitatuma mwingine."

"Usijisumbue, mwenzangu."

"Si usumbufu. Wewe si ndiye mkubwa wa nyumba."

Nilimrudishia binti simu. Akaipokea, akaendelea kuongea na mamake kana kwamba hakuna lililopita, na mimi nikaenda kufunga milango ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Waliondoka na lori dogo la rafiki wa mwanangu. Nilimpa sufuria yangu nzuri ya wali, ile nzito. Alikataa mara mbili, kisha akaichukua. Nyumba ilibaki na mwangwi. Ile asubuhi ya kwanza nilikuna nazi kabla sijakumbuka, nikakamua, nikatenga tui, na nikabaki nalitazama. Niliwapa majirani.

Sasa nawapigia jioni. Najikaza nisiwapigie kila siku. Juzi nilipiga, akapokea akiwa anahema, nasikia funguo zinaanguka mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekula?"

"Bado. Ndio naingia. Baba yao bado yuko kwa mteja."

Nyuma yake yule mdogo alikuwa analia, kilio cha njaa, nakijua. Nikataka kusema mambo mengi. Nikasema, "Pole."

Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia njia, "Mama, yule samaki wako unaanzaje?"

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Samaki unaye?"

"Nimemnunua njiani, amekaangwa, kwa mama mmoja."

"Ni wa leo?"

"Sijui."

"Mnuse karibu na mwiba. Ana uchungu puani?"

Nikamsikia akinusa. "Hana."

"Basi ni wa leo. Washa moto. Mafuta kidogo, huyo samaki ana ya kwake. Vitunguu visiwe vyekundu, vilainike tu. Tangawizi na saumu, halafu nyanya, na uziache mpaka mafuta yajitenge. Usikoroge koroge."

"Tui ninalo la pakiti tu."

Zamani ningelisema hilo tui la pakiti mpaka alione aibu. "Litafaa," nikamwambia. "Tui jepesi, yaani nusu yake uizimue na maji, uitie na samaki. Lililobaki zito ulitie mwisho, moto mdogo. Usifunike. Ukifunika litakatika. Ndimu ukishaepua."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Ni hayo tu? Siku zote zile ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mwanangu."

Sikuweza kujua kama alicheka au alipumua. Mtoto aliita, "Mama, chakula," naye akamjibu, "Kinakuja, kanawe mikono," na sauti yake ilikuwa kubwa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yangu.

"Mafuta yamepata moto, mama. Wacha nikate simu."

Nilibaki na simu mkononi. Chakula changu kilikuwa tayari, kidogo, cha mtu mmoja, kimeiva kabla sijakitaka. Nilikuwa na hamu ya kupiga tena niulize kama tui limeshika, na kidole kilifika kwenye jina lake. Sikupiga. Nikajipakulia sima, nikaila polepole, na huku nakula nikawa namfuata kichwani: sasa anatia nyanya, sasa anamweka samaki, sasa anaepua, sasa watoto wamekaa, na yeye mwenyewe anapakua.